Signal mikononi mwa vijana waandamanaji: tathmini ya msimu mmoja wa uchaguzi

Katika msimu wa uchaguzi uliopita nilikuwa mmoja wa vijana kumi na wawili tulioratibu maandamano ya amani, na shughuli zetu zote, kuanzia kupanga njia ya kupita hadi kuulizia aliyekamatwa amepelekwa kituo gani, zilipitia Signal, programu ya simu ya kutumiana ujumbe. Ninayoandika hapa ni maoni ya mtumiaji, si ya mhandisi, na yanamlenga hasa kijana anayeipakua programu hii wiki mbili kabla ya kura akiamini kwamba akishaipakua basi yu salama.

Sifa yake kubwa ni kwamba inahifadhi machache mno. Usimbaji wake wa ujumbe, yaani kuugeuza kuwa fumbo ambalo mtumaji na mpokeaji pekee wanaweza kulifumbua, ndio huohuo unaotumiwa na WhatsApp tangu 2016, kwa hiyo anayeisifia kwa sababu tu ujumbe hausomeki njiani ametaja nusu ya hoja. Nusu iliyobaki ni kile kinachosalia kwa mwenye programu. Mwaka huohuo wa 2016, Signal ilipotakiwa kwa amri ya mahakama huko Virginia, Marekani, itoe taarifa za mtumiaji, ilichokuwa nacho ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa na seva, yaani kompyuta kuu za programu, kwa mara ya mwisho. Orodha ya watu aliowasiliana nao haikuwepo, na kwa mwandamanaji orodha hiyo huwa na hatari kuliko maneno yenyewe.

Kipengele cha kufunika nyuso katika picha, kilichoongezwa Juni 2020 wakati wa maandamano ya Marekani, tulikitumia kila siku. Hakitambui kila uso, jambo ambalo waundaji wake walilikiri tangu mwanzo, ndiyo maana kuna brashi ya kufunikia kwa kidole. Sisi tulikubaliana kwamba picha haitumwi kabla mtu wa pili hajaikuza na kuikagua. Kanuni hiyo ilituokoa siku ambayo uso wa kijana ulikuwa umefichwa barabara, ila fulana yake ilikuwa na jina la timu ya mtaani kwao na namba mgongoni.

Udhaifu tulioupata ulikuwa wetu wenyewe. Mwenzetu mmoja alinyang'anywa simu ikiwa imefungwa kwa namba ya siri, lakini hakuwa amebadilisha mpangilio wa arifa, hivyo ujumbe wetu ukaendelea kuchomoza juu ya kioo mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na jina la mtumaji wake, huku aliyeishika simu akisoma bila kubonyeza chochote. Mpangilio wa kuficha jina na ujumbe upo, na kuuweka hakuchukui dakika moja. Vivyo hivyo kwa ujumbe unaojifuta: unaweza kuupa muda hadi wiki nne, nasi tuliupa siku moja, lakini hakuna muda unaomzuia mtu kupiga picha kioo chako kwa simu nyingine. Kundi linaruhusiwa kufikia watu 1,000. Letu la pili lilipofika mia tatu, tuliacha kuandika humo jambo lolote ambalo tusingelitamka hadharani kwa kipaza sauti, kwa kuwa nusu ya waliomo hakuna aliyewajua kwa sura.

Usajili bado unadai namba ya simu. Tangu Februari 2024 unaweza kuificha namba hiyo kwa wanakundi na kutumia jina la mtumiaji, hatua ninayoipongeza, ingawa laini yenyewe huenda imesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kwa timu ndogo inayofahamiana ninaipa alama nne kati ya tano. Kwa kundi la mamia, mbili.

Alama ya tano naizuia kwa sababu ya intaneti. Venezuela ilipoifungia Signal Agosti 2024, baada ya uchaguzi wa rais, seva za kati, yaani kompyuta za mahali pengine zinazopitisha ujumbe ili kukwepa kizuizi, zingeweza kumsaidia mtumiaji, kwani programu inaziruhusu. Lakini Uganda ilipozima intaneti yote kabla ya kura ya Januari 14, 2021, hakuna seva ya kati ambayo ingefaa kitu. Kwa kuhofia siku ya namna hiyo, kila asubuhi ya maandamano tulitaja mahali na saa ya kukutana endapo mtandao ungekatika, kisha kila mmoja akaandika namba ya wakili kwa kalamu ya wino mzito kwenye mkono, juu ya kiwiko, ambapo jasho haliifuti haraka.