Uzoefu wangu: kusoma siasa kwa masafa nikiwa Tabora

Nimemaliza shahada ya sayansi ya siasa mwaka juzi, kwa masafa, huku naendelea kufundisha Uraia sekondari hapa hapa Tabora. Walimu wenzangu hawaishi kuniuliza kama inafaa. Inafaa, tena sana, ila yapo ambayo ningeshukuru kuambiwa mapema.

Mwaka wa kwanza nilikariri tu: mfumo wa kibunge, mfumo wa kirais, wanafalsafa kama Hobbes, Locke na Rousseau, yote kutoka kwenye madesa. Nilifaulu bila kuelewa. Kilichonifungua macho ni zoezi moja la siasa linganishi: tafuta nchi mbili zinazofanana kwa mengi, kisha eleza kwa nini jambo fulani lilienda hivi kwa mmoja na vingine kwa mwenzake. Nikachukua Kenya na Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kenya, mwaka 1957, Waafrika walichagua wajumbe wao 8 wa Baraza la Kutunga Sheria kwa daftari lao la wapiga kura, na Wazungu walikuwa na lao. Kwetu ikaja kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU, chama cha Nyerere kilichokuwa kikidai uhuru, waliuona mfumo huo ni dhuluma, kwa sababu Waafrika walikuwa wengi mno kuliko wote na bado wanapewa viti sawa na wachache. Januari 1958 wakakutana hapa Tabora kuamua kama washiriki au wasusie. Nyerere akawashawishi washiriki, na ndiyo tunaita Uamuzi wa Busara.

Jina hilo nimelisikia tangu shule ya msingi, lakini sikuwahi kujiuliza busara yenyewe ilikuwa wapi. Zoezi lile ndilo lililonionyesha. Ukiwa na karatasi ya kura tatu, hata kiti cha Mzungu na cha Mwasia kinahitaji kura ya Mwafrika, kwa hiyo TANU waliweza kuamua ni Mzungu gani aingie. Madaftari ya Kenya hayakutoa nafasi hiyo. Uchaguzi ulipofanyika, Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea waliokuwa wakiungwa mkono na TANU walizoa viti. Mhadhiri alinikata alama kwa sababu nilisahau kwamba Kenya ilikuwa na masetla wengi zaidi, na kwamba Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Alikuwa sahihi, na kosa hilo limenifundisha kulinganisha kuliko kitini chochote.

Nadharia nayo ikaingia hapo hapo. Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani, katika mhadhara wake wa 1919 mjini Munich, anamtofautisha anayeshika imani yake bila kujali yatakayofuata na anayekubali kubeba matokeo ya uamuzi wake. Nyerere nilimwona ni huyo wa pili. Wa kwanza ni Zuberi Mtemvu wa TANU: aliukataa uamuzi wa Tabora, akajitoa na kuanzisha chama cha African National Congress cha Tanganyika. Shuleni nilifundishwa kumwona kama mkorofi. Sasa namwona kama mtu aliyekuwa na hoja, na darasani namfundisha hivyo.

Nikaenda Isevya, kwenye kijiwe cha kahawa, kumsalimia mzee mmoja anayeikumbuka enzi ile. Nilimwamkia, akaitikia, akaagiza nimiminiwe kikombe. "Mjukuu wangu," akasema, "baba hakuwa na sifa za kupiga kura, hakuwa na elimu wala mshahara wanaoutaka. Lakini wiki ile ya mkutano hakulala." Kikombe kilipoa mkononi. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu sifa za mpiga kura, na sikuwa nimewahi kumfikiria mtu aliyekuwa nje ya daftari akisubiri wenye kura waamue.

Matatizo yapo. Masomo yote ni kwa Kiingereza, na mifano mingi ni ya Ulaya. Usipoitafuta ya kwako hutaipata. Kazi zangu za muhula mmoja zilirudi zimesahihishwa baada ya mtihani, jambo lililoniumiza kweli, maana nilirudia makosa yale yale. Somo la takwimu nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio. Vitabu ni vya kuvizia, nimetumia pesa nyingi stesheneri na kwenye bando. Na kama unatafuta cheo, mimi bado nipo darasani kama zamani.

Kilichotuokoa ni kundi letu la watu wanne. Jumamosi jioni tulikaa chini ya mwembe, kila mmoja anaeleza mada yake kwa Kiswahili bila kuangalia daftari. Ukikwama kusema "uhalali wa dola" kwa maneno ambayo muuza karanga anayepita ataelewa, ujue hujaelewa, rudi ukasome. Anza na kundi kabla hujalipa ada.