Miguu Inayosumbua: Ununue Nini Kwanza, na Nini Ukiache Dukani

Ukiwa na magaga, sugu au kisigino kinachouma, rafu ya duka la dawa inaweza kukuchanganya: krimu, poda, plasta, soli, soksi za jeli, mashine za kusugua. Nyingi kati ya hizo hutuliza tatizo huku chanzo chake kikiendelea kukusubiri mlangoni, pale unapovulia viatu. Ndiyo maana mpangilio wangu unaanza na kile kinachozuia mengi kwa mpigo, unashuka hadi kwa vinavyofaa tatizo moja moja, na unaishia kwa vile ambavyo ningekusihi usivinunue.

Ila kama una kisukari, au nyayo zako zina ganzi, au una kidonda kisichopona, usianzie dukani. Muone mhudumu wa afya kwanza akague miguu yako. Ganzi humfanya mtu atembee na kokoto ndani ya kiatu mchana kutwa bila kuhisi, kidonda kikakua kabla hajakiona. Papasa ndani ya kiatu kwa mkono kila unapotaka kukivaa, na kila jioni kagua nyayo zako kwa kioo.

Nafasi ya kwanza: viatu vinavyokutosha

Sugu, malengelenge, kucha inayozama nyamani, vidole vinavyopandana: mara nyingi ama vimeletwa na kiatu kibaya, ama kiatu hicho kimevizidisha. Pesa kubwa iende hapa. Nenda kununua alasiri au jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Jaribu viatu vyote viwili ukiwa umesimama. Watu wengi wana mguu mmoja unaouzidi mwingine, basi fuata ule mkubwa. Mbele ya kidole kilicho kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya kama sentimita 1, na kidole hicho si lazima kiwe kidole gumba.

Upana ndio unaosahaulika zaidi. Simama juu ya karatasi, mtu akuchoree ukingo wa mguu kwa penseli iliyosimama wima, kisha kata umbo hilo na ulitie ndani ya kiatu. Karatasi ikijikunja pembeni, kiatu ni chembamba kwako, hata kama namba ni ile unayovaa miaka yote. Muuzaji akikuambia kitalegea ukikizoea, kirudishe. Ngozi hutanuka kidogo, plastiki karibu haitanuki kabisa, na muda wote huo wa kusubiri anayeumia ni wewe. Kisha kikunje kwa mikono: kikunjike penye vidole, si katikati ya unyayo. Ukiweza, chukua jozi mbili za kawaida badala ya moja ya kifahari, uvae kwa zamu. Kiatu kilicholowa jasho huhitaji kama siku nzima kukauka.

Nafasi ya pili: krimu yenye urea

Wengi wenye magaga hupaka mafuta ya mgando. Ni mazuri, lakini kazi yake ni kuzuia unyevu usipotee. Kisigino kilichokwisha kuwa kigumu kinahitaji pia kulainishwa. Urea hufanya yote mawili: huvuta maji kwenye ngozi na kuilegeza ile iliyokakamaa. Geuza boksi usome kiwango. Asilimia 10 inatosha kwa ukavu wa kawaida, 20 hadi 25 ni ya visigino vinene, na 40 ni kali, ya sugu nene sana. Usinunue ya 40 ukidhani itakuponya haraka mara nne. Kwenye ngozi ya kawaida itakuchoma tu.

Paka mara baada ya kuoga na kujifuta, kisha vaa soksi ulale nazo. Usipake katikati ya vidole, maana unyevu wa pale ndio karamu ya fangasi. Kama mipasuko imeingia ndani hadi inatoa damu, urea itawasha mno: anza na mafuta ya mgando na plasta mpaka ifunge.

Nafasi ya tatu: dawa ya fangasi, ikiwa kweli ni fangasi

Dalili ya kawaida ni ngozi nyeupe, iliyolowa na kuwasha, hasa kati ya kidole kidogo na kinachokifuata. Lakini kuna fangasi wanaojificha kwa sura ya ukavu: unyayo mzima unakauka na kutoa unga mweupe kwenye mistari ya ngozi. Ukipaka krimu ya magaga kwa muda mrefu bila nafuu, wafikirie hao.

Chaguo langu ni krimu ya terbinafine ya asilimia 1. Kwa fangasi wa kati ya vidole, mara nyingi wiki 1 hutosha. Clotrimazole nayo inafanya kazi, ila inadai uvumilivu: takriban wiki 4, na watu wengi huiacha mwasho unapokwisha, kisha wanashangaa tatizo likirudi. Paka kupita kidogo ukingo wa sehemu iliyoathirika.

Hapa nakuomba uwe mkali na boksi. Ziko krimu zinazochanganya dawa ya fangasi na steroidi kama betamethasone, wakati mwingine na antibayotiki juu yake. Zinapendwa kwa sababu mwasho hutulia upesi. Steroidi hupunguza wekundu huku ikidhoofisha kinga ya ngozi, fangasi wakaendelea kusambaa chinichini. Bila maelekezo ya daktari, ziache.

Fangasi wa kucha ni habari nyingine. Krimu ya kawaida haipenyi kucha nene. Vidonge huhitaji daktari, na kucha ya kidole gumba cha mguu huchukua mwaka au zaidi kuota upya.

Nafasi ya nne: soksi

Pamba tupu hunywa jasho na kulishikilia. Kama miguu yako hutoka jasho jingi, chagua sufu (manyoya ya kondoo) au mchanganyiko wa nyuzi za sintetiki. Badilisha kila siku. Za mwenye fangasi zifuliwe kwa maji ya nyuzijoto 60.

Nafasi ya tano: soli za ndani

Nunua hizi ikiwa kisigino hukuchoma kwenye hatua za kwanza za asubuhi kisha kikapoa ukitembea. Bonyeza soli kwa kidole gumba: ikididimia hadi chini kama sifongo, haitakusaidia. Tafuta inayoshikilia upinde wa unyayo. Kabla ya kulipia za kutengenezewa maalumu, jaribu za kawaida, kwa kuwa wengi hupata nafuu kwazo, mradi wanyooshe misuli ya nyuma ya mguu kila siku.

Vya bei ndogo, na vya kuacha

Jiwe la kusugulia ni ununuzi mzuri: loweka miguu dakika 5 hadi 10, sugua taratibu, usimwazime mtu. Plasta za jeli za malengelenge nazo ni nzuri, mradi uziache zibanduke zenyewe.

Wembe wa kukwangulia nyayo na vikwaruzio vikali vya chuma siviafiki kwa mtu yeyote. Mkato mmoja unatosha kuingiza maambukizi. Plasta za sugu zenye asidi ya salisiliki huila ngozi yenye afya sawa na sugu, na mwenye kisukari asiziguse kabisa. Tena hakikisha ni sugu kweli. Ikiwa inauma zaidi ukiibana kwa pembeni kuliko ukiikandamiza, na ina vidoa vidogo vyeusi, huenda ni chunjua. Hiyo huletwa na virusi, na kuikwangua huisambaza.