Mara tatu kwenye mgahawa wa Kiasia Mwanza, mara zote nimetoka na njaa

Nina risiti tatu hapa mezani, zote za mgahawa mmoja wa vyakula vya Kiasia hapa mjini, ule wa kujichagulia bakuli. Unasimama kaunta, unataja wali au tambi, nyama, mboga na sosi, unalipa, na baada ya dakika chache namba yako inaitwa. Jina silitaji, kwa sababu sitaki kumharibia mtu biashara. Ila pesa yangu imekwenda, na mwenzangu anayepanga kwenda ni vizuri ajue.

Nilikuwa na hamu kweli. Mapishi ya Kihindi tumekua nayo Mwanza, sambusa na bajia hakuna anayeziona ngeni. Wali wa karai wa Kichina na tambi za moto nilikuwa nikila kila nilipofika Dar es Salaam, basi niliposikia vimefika kwetu nilifurahi.

Mara ya kwanza nilichukua wali wa kukaanga na kuku, shilingi 14,000. Nilipofunua bakuli, wali ulikuwa umeshikana mabonge. Nikauinua kwa uma ukapanda wote kama kipande cha ugali, na chini yake kulikuwa na maji ya kahawia ya sosi ya soya yaliyotuama. Karoti na njegere zilikuwa zile za pakiti, zimelainika hadi ladha imekwisha. Wali wa kukaanga haupikwi hivyo. Wali unapikwa jana, unalala kwenye friji hadi punje ziachane, kisha karai linawekwa kwenye moto mkali hadi litoe moshi, na unakaanga kidogo kidogo. Ukijaza karai, moto unapoa, mboga zinatoa maji, na kinachotoka ni wali uliochemshwa mara ya pili. Mchele wetu wa kanda hii, wa Magu au Kahama, unanukia na una ulaini wake, kwa hiyo ndio unaohitaji kulazwa zaidi. Nilisimama kaunta nikaona tatizo lilipo: chakula kimeshapikwa, kimekaa kwenye masinia ya kupasha, dada anachota tu. Karai halikuwa na kazi.

Mara ya pili, tambi na nyama ya ng'ombe. Tambi zimeganda, nyama ngumu, sosi sukari tupu. Niliacha nusu.

Mara ya tatu ndiyo iliyoniuma, kwa sababu nilikwenda na mama. Alikuwa amevuka na meli kutoka Ukerewe kuja kliniki, nikataka ale kitu kipya. Dada wa kaunta alimpokea kwa heshima, “Shikamoo mama, karibu,” akamtafutia kiti mbali na feni. Kwa huduma sina lawama hata siku moja, vijana wale wana adabu. Kwenye orodha ukutani niliona samaki wa tangawizi, shilingi 18,000. Nikasema huyu hawezi kukosea, tupo Mwanza.

Akaja mnofu mweupe, umefunikwa sosi nzito. Mama akaibonyeza nyama kwa kidole, kama anavyofanya kwa samaki yeyote. Ikabonyea, ikabaki imebonyea, maji yakatoka pembeni. Akaonja. “Mwanangu, huyu alivuliwa lini?” Sikuwa na jibu. Nikamwita dada, nikamuuliza kwa upole samaki wanatoa wapi. “Anakuja kwenye katoni, dada, ameganda. Tunamloweka asubuhi.” Mama akala vijiko viwili, akasukuma sahani taratibu, akaomba chai.

Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Kutoka mjini hadi mwalo wa Kirumba ni mwendo mfupi wa bajaji. Asubuhi pale unapata sato ambaye matamvua yake bado mekundu na jicho linang'aa. Mabondo ya sangara wa ziwa hili, yaani vile vifuko vya hewa vya tumboni mwake, yanasafirishwa hadi China na huko yanaliwa kwa bei kubwa, yaani wenye mapishi haya wenyewe wanakithamini cha kwetu. Na Wachina wana namna ya kupika samaki inayomfaa sato kabisa: mzima, anapikwa kwa mvuke, juu yake tangawizi iliyokatwa nyuzi na majani ya kitunguu, kisha anamwagiwa mafuta yanayochemka na sosi ya soya kidogo. Hakuna sukari wala unga. Samaki akiwa mbichi hahitaji zaidi ya hapo, na akiwa amelala, mapishi hayo yanamuumbua papo hapo. Nadhani ndiyo maana wanamzamisha kwenye sosi.

Nilimweleza meneja haya yote kabla ya kutoka. Alinisikiliza, akasema samaki wa katoni ana uhakika, kila siku ukubwa ni uleule, na wateja wa mchana hawana muda wa kusubiri. Namwelewa kuhusu muda. Lakini wali wa karai likiwa na moto hauchukui dakika tano, na mimi ningezisubiri. Nikamwomba angalau siku za wikendi wanunue sato Kirumba, waandike ubaoni wapo wangapi, na wakiisha waseme wameisha. Alisema atalifikisha kwa bosi.

Ukilazimika kwenda, agiza rolli za mboga, yaani zile “spring rolls”. Hizo wanazikaanga ukiwa umesimama, zinatoka kavu na zinalia mdomoni, shilingi 5,000 kwa nne. Uliza pia kama wanaweza kukupikia wali upya. Rafiki yangu aliomba hivyo wakakubali, akasema ulikuwa na nafuu. Samaki usimguse.

Jioni ile nilipitia Kirumba na mama, akachagua sato wawili mwenyewe, akiwafunua matamvua mmoja mmoja. Tuliwapika kwa mvuke na tangawizi kwenye sufuria yangu ya kawaida. Mama alimaliza wa kwake hadi kichwa.