Uzoefu wangu na hita ya bloku ya injini katika baridi ya Winnipeg

Huu ni msimu wangu wa tatu wa baridi nikitumia hita ya bloku ya injini, yaani kifaa cha umeme kinachopasha injini joto kabla ya kuwashwa, hapa Winnipeg, na ninaandika hasa kwa wenzangu waliohamia Kanada kutoka Afrika Mashariki, ambao huenda, kama mimi nilivyokuwa, hawaamini kwamba gari zima linaweza kugoma kuwaka kwa sababu ya baridi peke yake.

Asubuhi ya kwanza gari langu lilipogoma, kulikuwa na nyuzi 31 chini ya sifuri. Nilipozungusha ufunguo, taa za dashibodi ziliwaka kisha zikafifia, na stata, yaani mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, ikagonga ta-ta-ta bila kuizungusha. Mlio huo ndio unaoonyesha pa kuanzia: stata ikizungusha injini kwa kasi yake ya kawaida na gari lisiwake, tatizo hutafutwa kwenye mafuta au plagi za cheche za injini, lakini ikigonga tu, betri na ncha zake ndizo za kuchunguzwa kwanza. Mita ilisoma volti 11.9, ilhali betri iliyojaa husoma karibu 12.6. Jirani yangu, kabla ya kunishtulia gari kwa umeme wa betri ya gari lake, alihakikisha kwamba betri haijaganda wala kuvimba, kwa kuwa betri iliyoishiwa chaji huganda upesi kuliko iliyojaa, na kuishtua ikiwa imeganda kunaweza kuipasua. Waya mweusi hakuufunga kwenye betri yangu bali kwenye chuma kitupu cha injini, mbali kidogo na betri, ili cheche isitokee penye gesi itokayo kwenye betri.

Nilinunua betri mpya nikadhani yamekwisha. Wiki iliyofuata baridi ilizidi, na stata ikawa inazungusha injini kwa uzito mkubwa, kwa sababu ndani mlikuwa na oili ya 10W-30 iliyokuwa imeshikana kama asali. Namba inayotangulia herufi W hueleza jinsi oili inavyotiririka katika baridi, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo oili inavyobaki nyepesi. Fundi aliniwekea 0W-20, ambayo kitabu cha gari langu kinairuhusu, na siku hiyohiyo akafunga hita ya wati 400 ndani ya bloku, mahali inapogusa maji ya rejeta.

Tangu siku hiyo gari halijawahi kunigomea. Hita nimeiunganisha na saa ya kuwashia umeme, ambayo huiwasha kwa muda wa saa tatu kabla sijaondoka. Hiyo ni uniti 1.2 tu za umeme kwa asubuhi moja, na sioni sababu ya kuiacha usiku kucha. Injini huwaka mara moja, na hewa ya moto huingia ndani ya gari mapema, jambo ambalo kwa mzazi anayepeleka watoto shule lina thamani kubwa kuliko nilivyotarajia.

Nina malalamiko mawili. Waya wa nje niliouziwa pamoja na hita ulikuwa mwembamba, ukawa mgumu kama fimbo kwenye baridi na kupata moto kwenye plagi, nikalazimika kununua mwingine mnene uliotengenezwa kwa matumizi ya nje. Pili, muuzaji hakunieleza kwamba hita hupasha injini, haipashi betri. Mwenye betri iliyochoka ataendelea kusumbuka hata akiwa na hita bora kuliko yangu.

Kila mwezi wa Oktoba huwa ninaipima hita yangu kabla theluji haijaanguka. Hita ya wati 400 kwa umeme wa volti 120 inapaswa kusoma karibu omu 36, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, kati ya pini mbili bapa za plagi yake. Mita isiposoma chochote, basi waya umekatika au hita imeungua, na ni nafuu kulijua hilo Oktoba kuliko Januari alfajiri.