Kiangazi Tabora: kumwagilia bustani au kula nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa)?

Tabora mvua huanza Novemba hivi na kukatika mwishoni mwa Aprili. Zikiwepo hakuna shida: kunde, mlenda na majani ya maboga yanajaa uani. Swali ni mboga za Julai mpaka Oktoba.

Unaweza kumwagilia. Mchicha unavunwa baada ya wiki 3 au 4, na matembele yakishashika hayahitaji kubembelezwa. Lakini maji! Kisima kikishuka Septemba, ndoo ya bustani inagombana na ndoo ya jikoni. Ukiamua hivyo, chimba tuta lizame badala ya kuliinua, funika udongo kwa nyasi, mwagilia jioni.

Au ule nsansa. Majani machanga ya kunde yanachumwa wakati wa mvua, yanachemshwa kidogo, kisha yanaanikwa hadi yakauke kabisa. Yanakaa miezi bila friji. Jua kali hupunguza vitamini A, kwa hiyo anika kivulini penye upepo. Yakiungwa kwa karanga, sufuria ya ugali huisha mapema.

Mimi nimebakiza tuta moja la matembele karibu na bafu. Kunde zote nakausha. Watoto hununa, mpaka wasikie kinu cha karanga.