Kupima nafuu ya afasia: kutaja picha au kusimulia?

Mtu aliyepotewa na lugha baada ya kiharusi, hali iitwayo afasia, amemaliza tiba ya usemi. Tutajuaje kama amepata nafuu?

Njia ya kwanza ni jaribio la Boston la kutaja picha, lenye michoro 60, kuanzia kitanda hadi abakasi (kifaa cha kuhesabia chenye shanga). Mgonjwa anataja, mtaalamu anahesabu. Ni la haraka, na alama za kabla na baada ya tiba hulinganishwa kwa urahisi. Ila likirudiwarudiwa, mtu huizoea michoro yenyewe. Kwa Mswahili kuna kasoro nzito zaidi: humo mna igloo (nyumba ya theluji) na pretzel (kitafunwa kilichosokotwa). Kushindwa kutaja kitu usichowahi kukiona si afasia!

Njia ya pili ni kumwacha asimulie, tuseme aeleze picha yenye tukio. Mwaka 1993 watafiti Nicholas na Brookshire walieleza namna ya kuhesabu maneno yanayoeleweka, yaliyo sahihi na yanayoongeza taarifa, kisha kuyapima dhidi ya maneno yote au kwa dakika. Mimi naiamini zaidi hii, maana mtu anaweza kutaja picha kumi zaidi ya awali na bado ashindwe kumwambia mwanawe kwamba dawa zimeisha. Kazi ya njia hii ni ngumu: kurekodi, kunakili neno kwa neno, na kurudia siku nyingine kwa kuwa usemi hupanda na kushuka. Tena Kiswahili kina swali lake: “nimekununulia” tuihesabu neno moja, ilhali ndani yake mna mtenda, wakati, mtendewa na tendo?