Safari ya meli ya mtoni kuonja mvinyo Ulaya: mito mitano, kuanzia unaofaa zaidi

Wengi wanaonunua safari hii kwa mara ya kwanza huanza na meli: vyumba vyake vikoje, chakula kikoje, punguzo la mwezi huu ni kiasi gani. Anza na mto. Meli za mitoni zinafanana kuliko matangazo yanavyokubali, kwa sababu ukubwa wake unaamuliwa na malango ya maji zinayopitia, yaani mabirika yanayopandisha au kushusha meli penye bwawa. Kwenye Rhine na Danube nyingi zina urefu wa mita 110 au 135 na upana wa mita 11.4 hivi, na kampuni haiwezi kuzidisha hapo hata ikitaka. Kinachotofautiana kweli ni umbali kati ya gati na mzabibu. Kuna mto ambao unashuka melini na kutembea kwa miguu hadi kwa mkulima, na kuna mto ambao kila glasi inatanguliwa na safari ya basi. Hicho ndicho kigezo chetu cha kwanza. Baada yake tumetazama upekee wa mvinyo wenyewe, kisha jinsi maji yanavyoweza kuvuruga ratiba.

1. Douro, Ureno

Kama utanunua safari moja tu maishani, iwe hii. Kuanzia Régua kwenda juu, meli inapita katikati ya shamba lenyewe: pande zote mbili za bonde zimekatwa matuta, kuta za mawe zimepangwa kwa mikono juu ya mwamba wa tabaka unaobanduka kama vigae, na mizabibu imeshuka hadi karibu na maji. Mipaka ya eneo hili la mvinyo iliwekwa mwaka 1756, na mwaka 2001 UNESCO ikaliingiza kwenye Urithi wa Dunia.

Safari ya wiki huanza Porto, hupanda karibu kilomita 200 hadi Barca d'Alva mpakani na Uhispania, kisha hurudi njia ileile. Njiani kuna malango matano ya maji. La Carrapatelo linastahili kuamkiwa: meli inajipenyeza kwenye birika la zege, ukuta uko karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono kutoka sitahani unaugusa ukiwa umelowa na kuota ukungu wa kijani. Lango la nyuma linafungwa, mwanga unapungua, baridi inashuka, kisha maji yanaanza kukuinua taratibu mita 35 hadi unatokea juani upande wa pili. Usiku meli haziruhusiwi kusafiri kwenye mto huu, hivyo hakuna mandhari unayoipita ukiwa usingizini, na hakuna mtetemo wa injini kitandani.

Mvinyo wa hapa ni port. Juisi ikiwa bado inachacha na sukari haijaisha, humiminiwa pombe kali ya zabibu yenye asilimia 77. Uchachukaji unakatika, utamu unabaki, na kilevi kinafika kati ya asilimia 19 na 22. Omba umiminiwe tawny, yaani port iliyozeeshwa kwenye pipa, ya miaka 10 na ya miaka 20 kwa pamoja. Hapo utaelewa pipa linafanya nini kwa dakika tano kuliko kwa kusoma siku nzima: rangi inafifia kutoka nyekundu kwenda kahawia, ladha ya matunda inageuka ya karanga na machungwa makavu. Usiishie kwenye port. Mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, wa zabibu za Touriga Nacional na Touriga Franca ni wa kiwango cha juu kabisa.

Mambo mawili ya kukagua kwenye ratiba. Kwanza, hesabu ziara za mashamba, yaani quinta. Ratiba nyingi zina moja tu pamoja na ghala la port la Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mto kutoka Porto, ambalo unaweza kulifikia kwa miguu bila meli. Tafuta yenye mbili au zaidi. Pili, siku ya Salamanca, mji wa Uhispania, ni siku nzima ya basi isiyo na mvinyo. Ukipewa hiari ya kubaki bondeni, baki. Julai na Agosti joto hukaribia nyuzi 40, kwa hiyo lenga Mei na Juni, au katikati ya Septemba wakati wa mavuno. Na kama bei ya meli imekushinda, treni ya Porto hadi Pinhão inafuata ukingo wa mto sehemu kubwa ya njia na inachukua kama saa mbili na nusu.

2. Mosel pamoja na Rhine, Ujerumani

Mosel ni mto wa Riesling, zabibu nyeupe. Miteremko yake ni mikali mno. Calmont, juu ya kijiji cha Bremm, unafika kama nyuzi 65, na mavuno ni ya mikono mitupu. Bernkastel na Cochem ni miji ambayo gati, mtaa na mizabibu vimeshikana, kwa hiyo mara nyingi hutahitaji basi.

Soma lebo kabla ya kuagiza. Trocken ni mkavu. Kabinett ya Mosel mara nyingi ina utamu kidogo, uchachu wa kukata, na kilevi cha asilimia 8 au 9 tu. Spätlese na Auslese zinatoka kwenye zabibu zilizoiva zaidi. Wanaokimbia Riesling kwa kudhani yote ni matamu hukosa mvinyo unaokwenda vizuri kuliko wowote na samaki na vyakula vya pilipili, na kwa sisi tuliokulia kwenye nazi na ndimu hilo si jambo dogo.

Hapa ndipo kosa ghali zaidi hufanyika. Mosel wenyewe umewekewa mabwawa tangu mwaka 1964, hivyo kina chake ni cha kutegemewa. Rhine ndio unaokauka, na mahali pabaya zaidi ni Kaub, kati ya Mainz na Koblenz. Kipimo cha Kaub hakionyeshi kina chenyewe: kikisoma sentimita 78, njia ya meli ina kina cha mita 1.90 hivi. Oktoba 2018 kipimo hicho kilishuka hadi sentimita 25, na Agosti 2022 kikafika kama 32. Meli nyingi za abiria zina mita 1.5 hivi chini ya usawa wa maji. Kwa hiyo ukisafiri kati ya Agosti na Oktoba, chagua njia inayotokea Amsterdam au Köln, inayoingia Mosel hapo Koblenz na kuishia Trier. Inayotokea Basel lazima ipite Kaub. Utakosa bonde la majumba ya kale kati ya Koblenz na Rüdesheim, lakini hutamaliza likizo ndani ya basi. Hata malango nayo huleta balaa: Desemba 2024 meli ya mizigo iligonga lango la Müden kwenye Mosel, na makumi ya vyombo vikakwama upande wa juu wa mto kwa wiki kadhaa.

3. Saône na Rhône, Ufaransa

Aina za mvinyo ni nyingi kuliko mto mwingine wowote hapa: Gamay ya Beaujolais, Chardonnay ya Mâcon, Viognier ya Condrieu, Syrah ya kaskazini mwa Rhône, kisha michanganyiko ya kusini. Siku bora ni ya Tain-l'Hermitage na Tournon, miji inayotazamana. Kilima cha Hermitage kinaanzia nyuma ya nyumba za Tain. Unakwea kwa miguu.

Lakini jihadhari na neno Burgundy, eneo maarufu la mvinyo, kwenye tangazo. Mashamba yake maarufu, ya Côte d'Or, hayako kando ya Saône. Beaune, mji ulio kwenye mashamba hayo, ni kama kilomita 30 kwa basi kutoka Chalon-sur-Saône, na ukipewa nusu siku tu utaonja mvinyo wa kawaida dukani. Châteauneuf-du-Pape nako ni kwa basi kutoka Avignon. Mwanzo wa masika mto ukijaa, meli hushindwa kupita chini ya madaraja ya Lyon. Kuanzia Mei hatari hiyo hupungua.

4. Danube, Austria

Wachau, kati ya Melk na Krems, ni bonde zuri ajabu lenye mvinyo mweupe wa Grüner Veltliner na Riesling. Tatizo ni kwamba ni kilomita 36 tu. Siku nyingine ni za Vienna, Budapest na makanisa. Inafaa pale ambapo mmoja wenu anapenda mvinyo na mwenzake anapenda majumba. Uliza swali moja kabla ya kulipa: Wachau tunaipita mchana au usiku? Madaraja matatu ya mvinyo wa hapo ni Steinfeder (kilevi kisichozidi asilimia 11.5), Federspiel (hadi 12.5) na Smaragd (kuanzia 12.5). Anzia Passau badala ya Regensburg, uepuke kipande cha Straubing hadi Vilshofen ambacho husumbua sana maji yakipungua.

5. Bordeaux, Ufaransa

Mvinyo wa daraja la kwanza, safari ya daraja la mwisho. Meli inazunguka Gironde, Garonne na Dordogne kwa umbali mfupi, inasubiri maji kupwa na kujaa ili ipite chini ya daraja la Pont de Pierre mjini Bordeaux, na kwenye mashamba ya Médoc na Saint-Émilion unafikishwa kwa basi. Hoteli mjini pamoja na treni ya Saint-Émilion vitakupa hayohayo kwa pesa kidogo. Ila ukipata ratiba ya Oktoba inayofunga gati katika mji wa Cadillac, ifikirie: ukungu wa mto Ciron ndio unaozalisha kuvu inayokausha zabibu za mvinyo mtamu wa Sauternes, na asubuhi unauona.

Chumba na bei

Vyumba vya sitaha ya chini vina kidirisha kisichofunguka, karibu usawa wa maji. Ni vya bei nafuu na havina ubaya kwa anayelala tu humo, isipokuwa vya nyuma kabisa, penye injini. Usilipie zaidi kwa "balkoni ya Kifaransa" bila kujua ni nini: ni mlango wa kioo wenye kizuizi, hakuna pa kuweka kiti. Na kwenye magati yenye msongamano meli hufungwa ubavu kwa ubavu, dirisha lako likatazama pazia la jirani.

Linganisha bei kwa kujumlisha ziara za mashamba, ada za bandari na bahshishi. Kampuni nyingi hupendekeza euro 10 hadi 15 kwa mtu kwa siku. Anayesafiri peke yake hutozwa nyongeza ya chumba ambayo wakati mwingine hufika asilimia 100. Safari iliyopewa jina la "safari ya mvinyo" iulizwe hivi: nani anaongoza kuonja, aina ngapi, za wakulima gani, na je, mvinyo wa mezani ni huohuo au wa jumla? Uliza pia wanafanya nini mto ukifungwa. Jibu zuri ni kubadilishana abiria na meli iliyo upande wa pili. Jibu baya ni basi na hoteli bila fidia.

Kuonja kwa kawaida ni mililita 50. Mvinyo sita ni glasi mbili kamili. Ukionja asubuhi na mchana, kisha chakula cha jioni, tema kwenye ndoo. Wenyeji hutema, na hawakuoni mshamba.

Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, pamoja na bima ya matibabu yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake, kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi; wakala akupe barua yenye bandari zote na tarehe. Ukiendelea na Danube hadi Serbia umetoka Schengen, kwa hiyo omba ya kuingia zaidi ya mara moja.

Kurudi nyumbani, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu lita 2 za mvinyo bila ushuru, yaani chupa mbili za kawaida na nafasi ndogo inayobaki. Zifunge kila moja kwenye soksi nene, kisha mfuko wa plastiki, zilaze katikati ya nguo kwenye sanduku la kupakia. Nunua siku ya mwisho ya ziara: chupa iliyokaa mchana kutwa kwenye basi lenye joto la Douro itafika Dar au Mombasa ikiwa na ladha ya jamu.